Uyoga wa malishoni na macho ya bibi

Sisi waandishi wa habari tuna ugonjwa mmoja usio na dawa. Kitu chochote kikiongezeka haraka mjini, tunaandika kwamba "kimeota kama uyoga". Makanisa yameota kama uyoga. Shule za watu binafsi zimeota kama uyoga. Saluni, baa, vyuo vya uandishi, vibanda vya kutuma pesa kwa simu, vyote uyoga mtupu. Nadhani magazeti ya Bongo yakinyimwa neno hili kwa wiki moja tu, yatatoka na kurasa nyeupe.

Hebu nikuulize wewe unayesoma hapa: mara ya mwisho kuuona uyoga wenyewe ukiota ilikuwa lini? Sizungumzii ule wa supamaketi uliofunikwa nailoni na kubandikwa bei ya kutisha. Nazungumzia uyoga wa bure, ule unaochomoza malishoni baada ya mvua za kwanza, ng'ombe wanaupita, watoto wanaukimbilia. Wengi wetu tunaoishi mjini tunaujua msemo, uyoga wenyewe hatuujui. Kitendawili cha nyumba yenye nguzo moja tunakitegua bila kufikiri, lakini ukiletewa nyumba tatu tofauti mezani na kuambiwa moja kati yake ina mauti ndani, utachagua ipi?

Swali hili kwangu si la mzaha. Tangu Desemba limegawa familia yetu kwa upande wa mama, na mpaka leo halijaisha.

Kwetu upande wa mama ni Sikonge, mkoani Tabora. Kama hujafika, ni nchi ya miombo, asali na tumbaku. Sehemu za juu ni misitu, na mabondeni kuna mbuga, yaani nyika wazi zenye udongo mweusi unaonata kama gundi mvua ikinyesha. Ng'ombe wanachungwa kwenye mbuga hizo na pembezoni mwake. Na kila unapogeuza shingo kuna kichuguu. Vingine ni virefu kuliko mtu mzima.

Bibi yangu ameokota uyoga katika nchi hiyo tangu akiwa mtoto mgongoni kwa mama yake. Kila msimu wa mvua sisi wajukuu tulikuwa tunapanga foleni jikoni tukisubiri uyoga wa karanga na ugali wa mtama. Hakuna aliyewahi kuumwa tumbo. Hata mmoja. Ila sasa bibi ana mtoto wa jicho, macho yote mawili. Anakuona kama kivuli, anakutambua kwa sauti. Amepangiwa upasuaji mara mbili, na mara mbili ameghairi. Mara ya kwanza alisema ni msimu wa kupanda, mara ya pili alisema ni msimu wa kuvuna. Mnawajua bibi zetu.

Upande wa pili yuko mama mdogo. Yeye ni mwalimu wa shule ya msingi, na ndiye anayeishi na bibi. Msimu uliotangulia, mtoto wa darasa lake, darasa la tatu, alikula uyoga ambao yeye na wenzake waliuokota wakichunga. Usiku kucha alitapika na kuharisha. Asubuhi akapewa maziwa, akapata nafuu, watu wakamshukuru Mungu. Siku ya tatu macho yakawa ya njano. Alipofikishwa hospitali hakukuwa na la kufanya tena. Mama mdogo alikwenda mazikoni, akarudi nyumbani, akatangaza mbele ya wote: kuanzia leo uyoga hauingii katika nyumba hii, wa kuokotwa wala wa kununuliwa.

Bibi hakujibu kitu. Lakini mimi nilipofika mwezi Desemba, kabla hata sijaweka begi chini na baada tu ya "mwangaluka", aliniambia kwa sauti ya chini: "Mjukuu wangu, mama yako mdogo ananiona mchawi. Nimewalisha nyinyi wote kwa mikono hii, leo mikono ina sumu?"

Sasa hapo utasimama upande wa nani?

Mimi nilifanya kile ambacho waandishi hufanya wanapobanwa na pande mbili. Nilisema nitafanya uchunguzi kwanza. Nikamwomba mama mdogo siku nne. Uyoga usiingie jikoni, hilo halina mjadala, lakini bibi aruhusiwe kutoka na sisi atuonyeshe. Akakubali kwa masharti kwamba mwanawe, ambaye ni mdogo wangu wa darasa la nne, asionje kitu. Basi, kesho yake alfajiri tukatoka watatu: bibi ameshika fimbo kwa mkono mmoja na bega la mtoto kwa mkono mwingine, mimi nimebeba kikapu, daftari na kisu.

Swali langu la kwanza kwa bibi lilikuwa la kimjini kabisa. "Bibi, uyoga wa sumu unautambuaje?"

Akacheka mpaka akasimama. "Mimi uyoga wa sumu siujui. Nikaujue wa nini? Mimi najua watatu ninaokula. Huo mwingine wote si wangu."

Niliandika maneno hayo kwenye daftari nikayapigia mstari, na nimeyarudia kichwani mara nyingi tangu siku ile. Sisi tuliosoma tunataka kanuni. Tunataka dalili moja inayotenga wema na ubaya, mithili ya kitambulisho. Bibi hana kanuni hiyo na haitafuti. Anawajua watatu kama anavyowajua wanawe, na asiyemjua hamkaribishi ndani. Kumbe hata wataalamu wa uyoga duniani wanasema hivyo hivyo: hakuna dalili moja inayotenganisha uyoga wa kuliwa na uyoga wa sumu. Kila aina lazima ijulikane yenyewe, kwa sura yake yote, mpaka mahali ilipoota.

Watatu wa bibi ni hawa. Mmoja ni wa porini, wa rangi ya njano iliyokolea, unaoota chini ya miti ya miombo. Huo haumo katika habari ya leo maana tulikuwa malishoni. Wawili waliobaki ni wa vichuguu. Wa kwanza ni mdogo, mweupe, unatoka kwa mamia kana kwamba mtu amemwaga mchele karibu na kichuguu. Wa pili ni mkubwa, wa kijivu kuelekea kahawia, na katikati ya kofia yake kuna ncha ngumu inayochomoza.

Tulipoufikia huo mkubwa bibi alipiga magoti. Alipapasa kofia kwa ncha za vidole mpaka akaikuta ile ncha. Kisha akashuka na shina hadi kwenye udongo, akaniambia nichimbe taratibu na nisivute. Nikachimba. Shina likaendelea kushuka ardhini, likawa jembamba kama mkia wa panya, sentimita kumi, ishirini, na bado. "Umeona? Mtoto huyu ana kitovu. Ameshikwa na mchwa huko chini. Ambaye hana kitovu, hata akifanana vipi, mwache."

Ndugu zangu, bibi ambaye hakumaliza darasa la nne alikuwa ananisomesha biolojia. Uyoga huo wanasayansi wanauita Termitomyces, jina lililotolewa na Mfaransa Roger Heim mwaka 1942, na jina lenyewe maana yake ni uyoga wa mchwa. Mchwa wa vichuguu vile hawawezi kuyeyusha vizuri majani makavu na vijiti wanavyokusanya. Basi wanavitafuna, wanavitoa kama kinyesi, wanavijenga kuwa masega ndani ya kichuguu, na juu ya masega hayo wanalima uyoga. Uyoga unaivunja ile miti, mchwa wanakula. Kwa maneno mengine ni wakulima. Mvua zikija, uyoga unapenya kutoka kwenye bustani hiyo hadi juu ya ardhi, na ile ncha ngumu ya kofia ndiyo inayotoboa udongo. Kitovu anachokisema bibi ndiyo njia yenyewe iliyopitiwa.

Tena wameanza zamani. Mwaka 2016 wanasayansi walitangaza kwamba katika bonde la Rukwa, hapa hapa Tanzania, wamekuta viota vya mchwa vilivyogeuka mawe pamoja na bustani zake za uyoga ndani, vyenye umri wa takriban miaka milioni 25. Sisi binadamu kilimo chetu hakijafika hata miaka elfu kumi na tano. Na kama unadhani uyoga ni kitu kidogo, jirani zetu wa Zambia wana ndugu wa uyoga huu, Termitomyces titanicus, uliopewa jina la kisayansi mwaka 1980, ambao kofia yake inaweza kufikia upana wa mita moja. Hiyo ndiyo nyumba yenye nguzo moja kweli kweli. Mvua ikikukuta porini unajificha.

Kwa hiyo ule msemo wetu wa magazetini una walakini. Uyoga hauibuki tu. Tunachokiona juu ni tunda, sawa na embe. Mti wenyewe uko ardhini, ni nyuzi nyeupe nyembamba zilizosambaa, na huenda zilikuwa pale miaka mingi kabla ya sisi kupita. Kinachotokea kwa siku mbili ni mwisho wa kazi ndefu.

Sasa tuje kwenye hatari. Tulipovuka vichuguu tukaingia malisho ya wazi, mahali ambapo ng'ombe wamekata nyasi zikabaki fupi. Hapo mdogo wangu akapiga kelele za furaha. Uyoga mkubwa, mweupe, mzuri wa kupigwa picha, umeota kwa duara kama watu waliozunguka ngoma. Kofia zina ukubwa wa sahani, na juu kuna magamba ya kahawia. Kwenye shina kuna pete. Kusema kweli, kati ya vyote tulivyoviona siku ile, huo ndio uliovutia kuliko wote. Mtoto akauchuma mmoja, akampa bibi.

Bibi akapapasa kofia. Akapapasa shina. Pete ikateleza chini ya kidole chake, juu, chini. Akauzungusha akapapasa mwisho wa shina, ukawa ni wa duara kama kitunguu, hakuna kitovu. Akaurudisha. "Huu si wangu." Basi. Hakusema wa sumu, hakusema mbaya.

Mimi nilikuwa na hamu ya kujua ni wa nani kama si wa bibi, kwa hiyo nikaubeba peke yake katika mfuko wa karatasi. Kabla hujashtuka: kuushika uyoga wa sumu hakudhuru, sumu yake inafanya kazi ikiliwa. Ukinawa mikono inatosha.

Nyumbani tukafanya jaribio ambalo hata wewe unaweza kulifanya. Chini ya kofia ya uyoga wa aina hii kuna vipande vyembamba vilivyopangwa kama kurasa za kitabu. Humo ndimo zinamotoka spora, ambazo ni kama mbegu zake, ndogo kiasi kwamba moja moja huzioni. Ukikata shina, ukailaza kofia juu ya karatasi kurasa zikitazama chini, ukaifunika na bakuli usiku mzima, spora zinadondoka zinajichora. Rangi ya mchoro huo ni moja ya vitambulisho muhimu vya uyoga. Tulilaza kofia mbili kwenye karatasi za daftari: ule mkubwa wa kichuguu na ule mzuri wa malishoni.

Asubuhi mama mdogo mwenyewe ndiye aliyefunua mabakuli. Ule wa kichuguu ulikuwa umechora mduara wa rangi hafifu ya waridi. Wa malishoni ulikuwa umechora mduara wa kijani. Kijani kilichofifia, kama rangi ya sare za shule zilizofuliwa sana. Akaitazama ile karatasi kwa muda mrefu.

Uyoga unaochora kijani namna hiyo unaitwa Chlorophyllum molybdites. Unaota malishoni na kwenye bustani za nyasi katika nchi za joto karibu zote, na unapenda sana kuota kwa duara. Ukiwa mchanga kurasa zake ni nyeupe, kijani kinakuja baadaye, kwa hiyo usitegemee kukiona kila mara. Kwa kawaida hauui mtu mzima, lakini ndani ya saa moja hadi tatu utatapika na kuhara mpaka ujute kuzaliwa, na kwa mtoto mdogo kupoteza maji kiasi hicho si mchezo. Huko Marekani unatajwa kuwa ndio uyoga unaowatia watu wengi zaidi matatani, kwa sababu hiyo hiyo ya uzuri wake na kuota mlangoni kwa watu.

Hapa kuna mtego mwingine kwa sisi tunaojifunza kila kitu kwenye intaneti. Ukitafuta habari za uyoga wa malishoni utaletewa zaidi maandishi ya Ulaya, na huko uyoga wa malishoni ni Agaricus campestris, ndugu wa ule wa supamaketi. Ni mweupe, una pete, unaota kwenye nyasi fupi za mifugo, na wanaula kwa siagi. Kurasa zake zinaanza na rangi ya waridi zinaishia kahawia kama chokoleti, na mchoro wa spora ni wa kahawia iliyoiva. Huko huko una pacha wake mbaya, Agaricus xanthodermus, ambao ukikwaruzwa chini ya shina unageuka njano iliyowaka na kunuka kama wino. Sasa mtu wa Tabora akisoma maelezo ya Uingereza kisha akaingia kwenye mbuga ya Sikonge, ameshika ramani ya mji mwingine.

Binamu yangu aliye chuo alikuwepo, na yeye ana programu ya kutambua uyoga kwenye simu. Unapiga picha, inakupa jina. Akaupiga picha ule wa kijani kwa juu, ikampa jina moja. Akaupiga kwa chini, ikampa jina lingine. Uyoga ni ule ule, meza ni ile ile. Na majina yote yalitolewa kwa kujiamini kama mgombea ubunge. Mwaka 2023 kulichapishwa utafiti wa Australia uliojaribu programu kama hizo, na iliyofanya vizuri kuliko zote ilipatia takriban nusu. Mwaka huo huo wataalamu wa uyoga wa New York walionya watu kuhusu vitabu vya kutambua uyoga vilivyokuwa vikiuzwa mtandaoni, ambavyo vilionekana kuandikwa na kompyuta. Kupatia nusu kwenye mtihani wa jiografia unafaulu. Kwenye sahani ya uyoga, hapana.

Kama unataka kitabu cha kweli kinachohusu nchi yetu, kipo. Mwaka 2003 Marja Härkönen na Tuomo Niemelä wa Finland, pamoja na mtaalamu wetu wa mimea Leonard Mwasumbi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, walitoa kitabu kiitwacho Tanzanian Mushrooms, kinachohusu uyoga wetu wa kuliwa na wa kudhuru. Ni kazi inayoyachukua kwa uzito maarifa ya wanavijiji.

Nilikusanya pia zile "kanuni" zinazosemwa mitaani. Eti uyoga wa sumu unageuza kijiko cha fedha kuwa cheusi. Eti ukipikwa na kitunguu, kitunguu kinabadilika rangi. Eti ukiliwa na wadudu au ng'ombe, hata mtu anaweza. Eti ukichemshwa sana au ukianikwa sumu inatoka. Zote ni uongo unaoua. Uyoga mbaya kuliko yote duniani ni wa ukoo wa Amanita, na hasa Amanita phalloides, wenye asili ya Ulaya, ambao umesafiri na miche ya miti hadi mabara mengine, Afrika Kusini ikiwemo. Sumu yake haiondolewi na moto, haiondolewi na jua, haibadilishi kijiko wala kitunguu. Konokono wanautafuna na kuendelea na safari. Kofia moja inatosha kumuua mtu mzima, na waliowahi kuula wakapona wanasema una ladha nzuri.

Jinsi sumu hiyo inavyofanya kazi ndiyo iliyonifanya nimwelewe mama mdogo. Inakaa kimya saa 6 hadi 24. Halafu yanakuja matapishi na kuhara. Halafu, siku ya pili, mgonjwa anapata nafuu. Anaomba uji. Watu wanasema yamepita, kumbe wakati huo ini linaharibiwa, maana sumu inazuia seli zisitengeneze protini zinazohitaji. Siku ya tatu na kuendelea ndipo ini linashindwa. Mimi sijui yule mtoto wa darasa la tatu alikula uyoga gani, hakuna aliyeutunza hata kipande. Lakini nilipomsomea mama mdogo mpangilio huo wa siku, alikaa kimya, kisha akasema: "Maziwa. Tulifikiri ni maziwa yamemponyesha."

Maziwa si dawa ya sumu hiyo. Naomba mtu yeyote aliyenivumilia mpaka hapa abaki na mambo haya kichwani. Mtu akiumwa baada ya kula uyoga, mpeleke hospitali hapo hapo, usingoje aone nafuu. Beba uyoga uliobaki, mbichi kama upo, kwenye karatasi na si nailoni. Hata maganda, hata matapishi. Waambie saa aliyokula na saa aliyoanza kuumwa. Kama maumivu yamechelewa kuanza zaidi ya saa 6, ujue hiyo ni dalili mbaya zaidi, usijifariji. Na wote waliokula sahani moja waende, hata wanaojisikia wazima.

Sasa turudi kwenye kesi ya familia. Siku ya nne jioni tulikaa kikao. Mama mdogo alisema jambo ambalo sikulitegemea: kwamba hofu yake haikuwa mikono ya bibi, ni siku ambayo mikono hiyo haitakuwepo. Watoto wa sasa wanachunga kutwa nzima bila mzee, wameona uyoga unaliwa nyumbani, hawakuwahi kufundishwa upi. Wamerithi hamu, hawakurithi macho. Yule mtoto na wenzake hawakudanganywa na mtu. Walikuwa wanaiga sahani za bibi zao.

Bibi akajibu: "Basi mkinikataza na mimi nisiwaonyeshe, watajua lini?"

Nadhani wote wawili walikuwa sahihi, na hilo ndilo lililofanya kikao kiwe kirefu. Mwisho tulikubaliana hivi. Uyoga utakaookotwa ni wa vichuguu viwili tu ambavyo bibi anavijua, na ni ule mkubwa wenye kitovu. Bibi atapapasa na mtu mwenye macho atatazama, wote wakubaliane. Mmoja akisita, unatupwa. Kikapu hakichanganywi. Kila ukipikwa, mmoja mzima unabaki bila kupikwa mpaka kesho yake. Watoto watakwenda kujifunza, lakini hawatakula mpaka bibi afanyiwe upasuaji wa macho. Sharti hili la mwisho ni la mama mdogo, na ndilo lililomuuma bibi. Alinyamaza kidogo, akauliza upasuaji unachukua muda gani. Tukamwambia ni mfupi, watu hurudi nyumbani siku hiyo hiyo. Akasema atafikiria.

Mimi nimesharudi Dar, na kuna jambo moja nataka tuambiane sisi wa mjini. Maarifa ya bibi hayapandi basi. Mwaka 2015 wakimbizi kutoka Syria waliofika Ujerumani waliokota uyoga uliofanana na wa kwao, na hospitali ya chuo kikuu ya Hannover ikawapokea wakiwa na sumu ya Amanita. Mtoto wa miaka 16 alifariki. Kule California yamewakuta wahamiaji kutoka Asia ya Kusini Mashariki, waliodhani wamekutana na uyoga wa kwao. Hawakuwa wajinga. Walikuwa na bibi zao vichwani, ila walikuwa katika ardhi nyingine. Watatu wa bibi yangu ni wa Sikonge. Mvua za masika zikinyesha hapa jijini na nikaona uyoga mweupe umepiga duara kwenye nyasi za ofisi ya mtu, nitakachosema ni kile kile: huu si wangu.

Jana jioni mama mdogo alinitumia ujumbe. Bibi amekubali jicho moja kwanza, mwezi ujao. Na mdogo wangu ameutambua ule mkubwa peke yake, akachimba mpaka kwenye kitovu, bibi akapapasa akaukubali. Wakaupika kwa karanga. Mwisho wa ujumbe ameandika: "Mimi bado sijala. Ila nimeunusa."